Kesho Haijengi Tawi

Ndugu wanachama, katika matawi yetu upo ugonjwa uitwao "kesho". Mkutano unakubali kwa makofi kwamba darasa la watu wazima lifunguliwe. Jumatatu chaki hakuna, Jumanne katibu yuko shamba, na baada ya wiki mbili hata waliopiga makofi wanapita njia ya nyuma wasiulizwe.

Wako wasemao kwamba watu hawana moyo. Sisi hatukubali. Moyo hauletwi na hotuba. Huja mtu anaposhika kazi na kuiona imesogea. Mzee aliyeandika jina lake leo kwa mkaa ukutani, kesho hangoji kuitwa.

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Januari 1962 Mwalimu Nyerere aliacha Uwaziri Mkuu, akaenda kwa wananchi kuijenga TANU upya. Hakungoja shangwe zipoe.

Basi tawi lisilo na chaki lianze na mkaa, jioni hii hii, hata wanafunzi wakiwa wanne. Anayelegea aendewe nyumbani na jirani yake, si kwa barua ya katibu (barua zetu hukaa mno mfukoni). Kamati ya jengo itakutana baadaye.