KONA YA KOMPYUTA: Tarehe ya mtoto wako ni namba

Mwezi huu tunajibu vijana wanaotusaidia kuandika orodha za wanafunzi. Wanauliza: mbona tukipanga watoto kwa umri katika Excel, mzaliwa wa 2014 anakaa juu ya mzaliwa wa 2009?

Ni kwamba kompyuta haijui kama ile ni tarehe. Inaona maandishi tu, kama jina la mtu. Tarehe ya kweli, kwa Excel, ni hesabu ya siku: 1 Januari 1900 ni 1, na 7 Machi 2012 ni 40975. Angalieni kisanduku: namba hukaa kulia, maandishi hukaa kushoto. Ukiandika "7 Machi 2012" kwenye kompyuta ya Kiingereza, itabaki kushoto. Machi yetu haiijui.

Hiyo iliyogoma si mbaya, inaonekana. Ya kuogopa ni ile inayopita kimya. Kompyuta nyingi zinatufikia na mpangilio wa Marekani, mwezi unatangulia. 25/03/2012 itakataliwa, mwezi wa 25 haupo. Lakini 07/03/2012 inapita, na mtoto wa Machi anakuwa wa tarehe 3 Julai, yaani 41093. Siku 118 zimeenda hivi hivi! Orodha haifanani tena na kadi, na anayeulizwa dirishani kama anadanganya ni mama yake.

Sisi tunafanya hivi. Kabla ya kuandika chochote, safu nzima tunaichagulia Text. Tarehe zote tunaziandika sawasawa, 07/03/2012, sifuri isisahaulike, na nafasi tupu isiachwe mbele. Kama tarehe iko B2, kisanduku cha pembeni tunaandika:

=DATE(RIGHT(B2,4),MID(B2,4,2),LEFT(B2,2))

Inachukua mwaka nyuma, mwezi katikati, siku mbele, iwe kompyuta ya Marekani au ya Uingereza. Halafu buruta mpaka chini. Ikitokea 40975 msishtuke, chagueni Date.

Wale walioandikiwa 01/01 kwa sababu siku haikujulikana, waacheni vile kadi inavyosema. Msiwabunie.

Na wewe mzazi, ukiulizwa tarehe, taja mwezi kwa jina: "tarehe saba, Machi." Orodha ikibandikwa ukutani, njoo na kadi, fuata mstari wa mwanao kwa kidole. Ikiwa haifanani, tuambie siku hiyo hiyo, kabla orodha haijapelekwa.