Safari ya Sauti Sol: Kutoka 'Blue Uniform' hadi gari la usiku wa manane

Kundi la Sauti Sol lilipotoa albamu yake ya tano, 'Midnight Train', Juni 2020, Wakenya walikuwa chini ya kafyu iliyoanza Machi 27 mwaka huo. Kumbi za burudani jijini Nairobi zilikuwa zimefungwa, na matatu za Barabara ya Ngong, ambazo kwa kawaida ndizo za kwanza kuutangaza wimbo mpya, zilikuwa zikikimbizana na saa. Albamu yenye jina la gari moshi la usiku wa manane ikawafikia watu wasioruhusiwa kutoka nje usiku.

Ilikuwa pia albamu yao ya kwanza chini ya kampuni ya kimataifa ya Universal, na mabadiliko yanasikika mapema. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi, waliojuana katika Shule ya Upili ya Upper Hill kabla ya kuungana na mpiga gitaa Polycarp Otieno, walijijengea jina kwa sauti zilizopangwa juu ya gitaa lisilo na makeke. Katika 'Mwanzo', albamu yao ya kwanza, 'Lazizi' ulitosheka na hayo. 'Midnight Train' haitosheki. Kwaya ya Soweto Gospel inaingia katika 'Brighter Days', Mmarekani India.Arie anashirikishwa katika 'My Everything', na Kiingereza kinapata nafasi pana kuliko ilivyokuwa hapo awali.

Ni rahisi kudai kwamba walijiuza kwa soko la ng'ambo. Hata hivyo, dai hilo linakwama kwenye 'Suzanna', kisa cha mpenzi aliyenogewa na anasa, kilichofumwa kwa mahadhi yanayowarudisha wazee kwenye zilizopendwa. Linakwama tena kwenye 'Disco Matanga', wimbo uliochukua jina la ngoma za usiku kwenye matanga ya magharibi mwa Kenya, ambako fedha za mazishi huchangwa na ambako, kwa miaka mingi, wazazi na machifu wamelalamikia usalama wa wasichana. Wimbo huo umepigwa kwa midundo ya Afrika Kusini pamoja na Black Motion na Sho Madjozi, ambaye aliwahi kuishi Tanzania na kuimba kwa Kiswahili katika 'Huku'. Hapa uvumbuzi una mashiko: jambo la kijijini limevishwa vazi la kigeni na bado linatambulika.

Kasoro kubwa ni maudhui. 'Blue Uniform', katika 'Mwanzo', uliwasuta polisi wanaowahangaisha vijana. Mwaka wa 2018, 'Tujiangalie', walioimba na Nyashinski, uliwauliza Wakenya maswali magumu kuhusu siasa na mustakabali wa nchi. Katika 'Midnight Train', macho yamegeukia ndani: wivu katika 'Insecure', kuachana katika 'Nenda Lote', na ari ya kutokata tamaa katika wimbo uliobeba jina la albamu. Hakuna dhambi katika kuimba mapenzi, na bila shaka nyimbo hizi zilitungwa kabla ya janga la corona. Lakini zilitua katika nchi ambamo, siku chache tu baada ya kafyu kuanza, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi na kufariki akiwa kwenye roshani ya nyumba yao mtaani Kiamaiko. Aliyetaka wimbo wa kusema hayo alilazimika kurudi kwa 'Blue Uniform'.

Hiyo ndiyo albamu ya mwisho ya wanne hao kama kundi. Walitangaza mapumziko mwaka wa 2023 na kuwaaga mashabiki Novemba katika Uhuru Gardens. Tayari kila mmoja alikuwa ameshika njia yake: Chimano na Polycarp walitoa kazi zao mwaka wa 2022, nao Savara na Bien wakafuata mwaka wa 2023. Ukiisikiliza tena 'Midnight Train' ukijua hayo, hasa 'Rhumba Japani' ambamo chipukizi wa Sol Generation kama Bensoul na Nviiri wanapokezana maikrofoni, unapata taswira ya wenyeji walioanza kuwapisha wageni sebuleni kabla hawajasema wanahama.