Rushwa ya ngono vyuoni: RIB haisahihishi mitihani

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayeandika tasnifu katika kampasi ya Gikondo au Nyarugenge ya Chuo Kikuu cha Rwanda yumo mikononi mwa mtu mmoja: msimamizi wake. Ndiye anayesoma sura, ndiye anayetia saini, na akitaka anaweza kumrudisha nyuma wiki baada ya wiki hadi mahafali yapite. Tamaa ikiingia hapo, binti hana pa kukimbilia.

Sheria hazijapungua Rwanda. Katiba ya 2003 iliwatengea wanawake angalau asilimia 30 ya nafasi katika vyombo vya maamuzi, na tangu 2013 wamepita asilimia 60 katika Baraza la Wabunge. Mwaka 2008 ikaja sheria ya ukatili wa kijinsia. Kisha sheria ya rushwa ya 2018 ikaiweka rushwa ya ngono kapu moja na bahasha ya fedha: kifungo cha zaidi ya miaka mitano hadi saba, pamoja na faini ya faranga milioni moja hadi mbili. Kosa lenyewe halifutiki kwa kupita kwa muda.

Ukali huo unaweza kuwapa wakuu wa vyuo kisingizio. Ni rahisi kusema hilo ni jinai, mwanafunzi aende Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda (RIB). Lakini mpelelezi wa RIB hutafuta ushahidi wa kusimama mahakamani. Si kazi yake kusahihisha upya karatasi ya mtihani, wala kumpa mwanafunzi msimamizi mwingine kabla muhula haujaisha. Na ni wangapi watakaothubutu kumpeleka mwalimu gerezani ilhali wanachotaka ni alama zao za haki tu?

Sera ya kabatini nayo haitoshi. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilikuwa na sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono tangu 2006. Hata hivyo, mwaka 2018, baada ya picha ya mwanafunzi akinyanyaswa ofisini kusambaa, kamati ya Profesa Sylvia Tamale ilikuta tatizo limeenea chuoni. Mwaka huohuo mhadhiri Vicensia Shule wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika Twitter, Rais Magufuli akiwa ziarani chuoni hapo, kwamba rushwa ya ngono imekithiri. Aliyetakiwa kujieleza kwanza akawa yeye.

Hata Marekani, yenye sheria ya kupinga ubaguzi wa kijinsia katika elimu tangu 1972, imekuwa ikivutana juu ya utaratibu wa kusikiliza malalamiko kama hayo. Kanuni za 2020 zilivitaka vyuo vikuu kufanya kikao ambamo mlalamikaji na mlalamikiwa wanahojiwa. Za 2024 zikalegeza sharti hilo. Januari 2025 mahakama ya Kentucky ikazifuta, vyuo vikarudi kwenye za 2020. Purukushani tupu, lakini angalau kinachobishaniwa ni jambo lenye maana: nani asikilizwe, vipi, na mbele ya nani.

Kigali ingeweza kuanza na mambo madogo zaidi. Mitihani isahihishwe kwa namba, si kwa majina. Tasnifu isomwe na mtu wa pili. Ombi la kubadilishiwa msimamizi lijibiwe ndani ya siku chache, bila mwanafunzi kulazimika kuthibitisha jinai, na mwalimu naye asihukumiwe kwa uvumi. Malalamiko yapokelewe na ofisi isiyo chini ya mkuu wa idara. Baraza la Elimu ya Juu liyadai haya kwa kila chuo, cha serikali na cha binafsi, kila linapokikagua.