Mwenye Kupepesuka Si Lazima Awe Mlevi

Askari aliye zamu hutakiwa kuwa na jicho kali. Lakini jicho kali lisiloongozwa na maarifa laweza kumtia mashakani mtu asiye na hatia, na hata kumpotezea uhai. Leo twapenda kuzungumza na askari wetu, wa jeshi na wa polisi, juu ya mgonjwa ambaye kwa haraka tunaweza kumdhania kuwa mlevi.

Tuchukue mfano wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na leo yana watu zaidi ya 100,000, wakiwamo Wakongomani, Warundi na Wasomali. Mtoto aliyefika huko siku zile akiwa mgongoni mwa mama yake sasa ni mzee wa miaka zaidi ya 60. Maradhi yanapozidi uwezo wa vituo vya afya vya makazi, mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Kabla ya kumfikia daktari, huenda akakutana nasi: kwenye kizuizi cha barabarani, katika kituo cha mabasi, au katika foleni ya chakula tunayoilinda.

Miongoni mwa maradhi yanayomfanya mtu apepesuke uko ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi, ulioelezwa kwa ukamilifu na daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot mwaka 1868. Kinga ya mwili hugeuka ikaushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Askari wa mawasiliano ataelewa upesi: waya wa simu ukichubuka, amri hutoka makao makuu isifike, au hufika imeharibika. Miguu hukosa nguvu, macho huona ukungu, ulimi huwa mzito, na haja ndogo haizuiliki. Jua kali humzidishia mgonjwa udhaifu kwa muda. Ugonjwa huu ni nadra katika nchi za ikweta kuliko Ulaya, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kutotambuliwa.

Kwa kawaida huanza kati ya miaka 20 na 40, na hauna dawa ya kuuponya kabisa. Basi mwenye nao huzeeka nao, na uzee huja na mizigo yake: shinikizo la damu, kisukari, mtoto wa jicho, maumivu ya viungo. Mzigo mmoja huongeza uzito wa mwingine. Dawa za steroidi anazopewa ugonjwa unapopamba moto huweza kupandisha sukari, na zikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa. Naye aangukaye mara kwa mara ndiye hasa anayehitaji mifupa imara.

Hatumtaki askari awe daktari. Twamtaka aulize kabla ya kuhukumu: “Mzee, unaumwa? Una dawa? Una karatasi ya hospitali?” Kuuliza si ujinga. Ikiwa uso umekwenda upande ghafla, mkono mmoja umelegea na maneno hayatoki, hicho chaweza kuwa kiharusi, na kila dakika ni mali. Ikiwa mwenye kisukari anatoka jasho, anatetemeka na kusema yasiyoeleweka, huenda sukari imeshuka. Apewe kinywaji chenye sukari kama aweza kumeza, na asiyejitambua asitiwe kitu kinywani. Wote wawili wapelekwe hospitali bila kukawia. Harufu ya pombe peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa maana hata aliyekunywa aweza kupatwa na kiharusi. Mtu wa namna hiyo akifungiwa mahabusu mpaka alfajiri, huenda tukaufungua mlango tukamkuta maiti.

Wala hili si suala la hisani. Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 1995 yawapa watu wenye ulemavu haki ya kuheshimiwa utu wao, na Ibara ya 221 yaviamuru vyombo vya usalama kuheshimu haki za binadamu. Anayeishi Nakivale kama mkimbizi naye ni binadamu.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Kijana aliyeshika bunduki mwaka 1981 akiwa na miaka 20, leo naye ni mzee. Yumkini anatembea kwa fimbo, sukari imemfisha ganzi nyayo, na katika kizuizi fulani askari wa rika la mjukuu wake anamtazama akipepesuka. Namna tungependa mzee huyo apokewe, ndivyo tumpokee kila mzee atokaye Nakivale: tumpe kivuli, tumpe kiti, tumwulize, kisha tumpitishe mbele.