Daktari ana alama 50, shosho hana hata moja

Mwaka jana nilikaa na shosho kwa benchi ya hospitali moja huku pande za Waiyaki Way tangu asubuhi hadi saa tisa. Daktari alikuwa mmoja, laini imetoka hadi nje. Alimwona shosho dakika chache tu, macho kwa kompyuta, anajaza fomu. Tukifika nyumbani shosho ananiuliza mimi: kati ya hizi dawa mbili za presha, ya asubuhi ni gani?

Sasa wasee, ukiita boda kwa simu kutoka Kangemi hadi Westlands, ukishuka tu unaulizwa safari ilikuwaje. Ukitoka kwa daktari, nani anakuuliza?

Na si ati mitambo haiko. Baraza la madaktari, KMPDC, linataka kila daktari apate alama 50 za masomo kwa mwaka ndio apewe leseni ya mwaka unaofuata, na zinahesabiwa mtandaoni. Wewe pia unaweza kuingia kwa tovuti yao uangalie kama aliyekudunga sindano amesajiliwa. Poa, na ufanye hivyo. Lakini alama hizo zinasema daktari alisoma. Hazisemi alikusikiza. Mashine ya kidole mlangoni nayo inathibitisha mwili umefika kazini, basi.

Najua mtasema, si tuwape nyota kama watu wa boda? Zii. Daktari mzuri ni yule anayekunyima antibiotiki ukiwa na homa ya kawaida. Utatoka umenuna, umpe nyota moja. Anayekuandikia dawa tano usizohitaji atapata nyota zote. Tutakuwa tumewafunza kutufurahisha, si kututibu.

Kumbukeni Hospitali ya Kenyatta, 2018. Mgonjwa alifunguliwa kichwa kimakosa kwa sababu majina ya wagonjwa wawili yalichanganywa. Walitafuta damu iliyoganda, kumbe iko kwa kichwa cha mtu mwingine. Alama za masomo za daktari zingezuia hiyo vipi? Cha kupima hapo ni kazi yote: nani alifunga lebo, nani alikagua, watu wangapi walikuwa zamu.

Kwa hivyo, mkitaka kupima madaktari kwa mitambo, pimeni na mabosi. Mgonjwa atumiwe ujumbe kwa lugha anayoelewa: ulielezwa unaugua nini? Unajua kutumia dawa zako? Ulipata nafuu? Daktari naye aandike: leo nimeona wagonjwa wangapi, glavu zilikuwepo? Kama glavu ziliisha, alama mbaya iende kwa aliyefaa kununua, si kwa aliyekuwa na mgonjwa mbele yake.

Hapo ndio wakubwa hawataki kufika. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma siku 56, wakisema serikali haijatimiza mkataba wa 2017. Miaka saba! Huo mkataba ulikuwa unapimwa na mfumo gani? Nani alipata alama ya chini? Kupima kunakoshuka chini pekee si kupima, ni kutafuta wa kulaumiwa.

Siku shosho ataulizwa kama alielewa dawa zake, na jibu lake lifike kwa daktari na kwa bosi wa daktari, hapo nitaamini kuna mtu amepimwa.