Waulizeni bei ya silaha kabla ya uchaguzi wa Januari 15, 2026

Mwezi wa Novemba 2025, Rais Museveni wa Uganda akiwa Mbale kwenye kampeni, alisema redioni kwamba Bahari ya Hindi ni yake pia, na kwamba nchi zisizo na pwani zikiendelea kubanwa, siku zijazo patatokea vita. Serikali ya Kenya ilijibu kwa upole, wakubwa wakaendelea na shughuli zao. Hapa Busia maneno yale hayajapoa. Mimi nauza mahindi na dagaa Sofia, upande wa Uganda, na sehemu kubwa ya mzigo wangu huliwa Kenya. Kijana anayenivushia magunia kwa baiskeli ya magurudumu matatu, maana miguu yake ilipooza angali mtoto, aliacha kupakia akaniuliza: "Vita na nani, mama? Na hawa ninaowapelekea mahindi?"

Ubishi ukawaka hapo hapo. Mwenye duka la simu alisema bila jeshi hata soko lisingekuwapo. Muuza nyanya akamrudishia kwamba binti yake amejifungua kwa glavu walizonunua wenyewe dukani. Mwalimu mmoja aliyekuja kununua unga akasema bajeti ya mwaka wa fedha 2025/26 ni shilingi trilioni 72.4, na kwamba fungu la ulinzi lina kurasa ambazo mwananchi hafunguliwi.

Silaha sizichukii kwa sababu ya kuzichukia tu. Mwaka 1987 nilikuwa mtoto Tororo, waasi wa Alice Lakwena walipopita wakielekea Jinja, na najua mtu anavyolala wakati hakuna wa kumlinda. Desemba ya mwaka huo huo wanajeshi wa Uganda na maaskari wa Kenya walifyatuliana risasi hapa Busia, watu wakafa, mpaka ukafungwa. Waliotuokoa hawakuwa na mizinga mikubwa zaidi. Rais Moi wa Kenya na Museveni walikutana Malaba kabla mwaka haujaisha, wakakubaliana kuwaondoa wanajeshi mpakani. Baada ya hapo ilikuja Jumuiya ya Afrika Mashariki, ukaja umoja wa forodha, na mwaka 2018 kikafunguliwa rasmi kituo cha pamoja cha mpakani ambapo leo ofisa wa Kenya na wa Uganda wanakaa chini ya paa moja. Usalama ninaouona kwa macho yangu kila asubuhi ulijengwa hivyo, kwa watu kukaa na kuzungumza.

Kwa hiyo mgombea anayetaka kura yangu Januari 15 aniambie bei ya silaha. Aniambie sasa, kwa sababu tuliwahi kuambiwa tukiwa tumechelewa.

Tarehe 18 Februari 2011 tulipiga kura. Katika kampeni zile tuliahidiwa barabara na dawa, na hakuna aliyesimama jukwaani Tororo kututajia ndege za kivita. Kura zikahesabiwa. Mwezi uliofuata tukasikia kwamba serikali imechota dola milioni 740 hivi Benki Kuu kununua ndege za Sukhoi kutoka Urusi, na kwamba Bunge linaombwa kuidhinisha pesa ambazo tayari zimekwisha kutoka. Bunge likaidhinisha. Aprili watu wa Kampala walikuwa wakitembea kwa miguu kwenda kazini kulalamikia bei ya mafuta na chakula, wakifukuzwa kwa mabomu ya machozi. Ilipofika Oktoba mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 30. Sisemi ndege peke yake ndizo zilizopandisha bei. Ukame ulikuwapo na mafuta yalipanda dunia nzima. Nasema tulinyimwa nafasi ya kuchagua, na tulinyimwa makusudi.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulinunua helikopta za vita kutoka Belarus, zikafika zikiwa mbovu. Ilibidi iundwe tume ya uchunguzi ya Jaji Julia Sebutinde ndipo wananchi wajue namna pesa zao zilivyopotea. Siri ile haikumficha adui kitu. Aliyefichwa ni mlipa kodi.

Kuna wanaosema kupunguza jeshi hakuwezekani nchini mwetu. Kulifanyika. Kati ya 1992 na 1995 Uganda iliwarudisha nyumbani askari zaidi ya 30,000, na mkuu wa jeshi wakati huo alikuwa Mugisha Muntu, mgombea urais katika uchaguzi wa 2026. Jirani yangu wa zamani Tororo alikuwa miongoni mwa askari hao. Alikuja na mabati na pesa kidogo, akajenga, akalima muhogo, na hadi leo vijana humwita afande kwa heshima. Halafu vita vya kaskazini na vya Kongo vikalikuza jeshi upya. Wanajeshi wetu walipelekwa Somalia mwaka 2007 na Kongo tena mwaka 2021, na hata kwenye Ziwa Victoria waliletwa 2017 kupambana na uvuvi haramu, wakachoma mitumbwi mifupi ya watu niliokuwa nikinunua dagaa kwao. Labda baadhi ya kazi hizo ni za lazima. Wanaozitetea watueleze kila moja inagharimu nini na itaisha lini.

Sasa tutazame Tororo, tuone afya yetu imekuwa ikilipiwa na nani. Nagongera ni mahali ambapo watafiti wa malaria walikuwa wakihesabu mbu kama sisi tunavyohesabu magunia, kwa sababu ilikuwa kati ya sehemu zenye malaria nyingi zaidi duniani. Mwishoni mwa 2014 wapulizaji dawa ya mbu walianza kupita nyumba kwa nyumba. Tulitoa vitanda na vyungu nje, wakapuliza kuta, na homa za watoto zikapungua hata asiyekwenda shule aliona. Dawa ile ililipiwa na wafadhili, Wamarekani wakiwa mbele. Ndege za kivita tulilipa wenyewe, taslimu. Januari 2025 Washington iliposimamisha misaada, nilikaa nikafikiria hesabu hiyo na ikaniuma sana: ukuta wa chumba cha mtoto wangu unategemea huruma ya mgeni, na kodi yangu hulipia silaha kwanza.

Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kwamba asilimia 15 ya bajeti itakwenda kwenye afya. Hatujafika.

Wagombea ubunge wa Busia na Tororo wanatupitia kila siku na sukari na sabuni. Chukueni sabuni mkitaka, lakini msiwaache waondoke bila kujibu jambo moja: serikali ikija tena na bajeti ya nyongeza ya silaha zilizokwisha kulipiwa, utapiga kura ya ndiyo au ya hapana? Ajibu mbele ya watu, sokoni, na mwenye simu arekodi.