Mpinzani Apewe Haki Yake Kabla ya Kujibiwa

Kila afisa aliyepitia shule ya makadeti anafahamu kwamba amri ya vita haianzi na shabaha. Huanza na hali, na katika hali jambo la kwanza ni adui: yuko wapi, ana nguvu gani, aelekea kufanya nini. Kamanda ampunguzaye adui katika ramani ili awafurahishe wakubwa wake atalilipa deni hilo uwanjani, tena kwa damu ya askari wake.

Lakini tushikapo kalamu, somo hili twalisahau. Twaandika kana kwamba hakuna mwenye mawazo mengine. Au tukimtaja mpinzani twamvika ujinga ambao hakuusema, twamwangusha, kisha twajipigia makofi. Msomaji aliye upande wetu atafurahi, ila huyo hakuhitaji kushawishiwa. Yule tuliyemkusudia ataliweka gazeti chini, kwa kuwa hakujiona ndani yake.

Tuchukue mfano wa Kiswahili hapa Uganda. Sisi wa jeshi na polisi tumekirithi tangu enzi ya King's African Rifles, nasi twatamani wananchi wote wakijue. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo wapo wasiokitaka. Je, tumepata kuwasikiliza?

Wa kwanza husema kwamba hii ni lugha ya bunduki. Ni rahisi kujibu kuwa huo ni uzushi. Lakini si uzushi. Katika miaka ya 1970 na 1980 wananchi wengi waliamrishwa, wakatukanwa na kuporwa kwa Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani. Maneno "panda gari", ambayo kinywani mwa utingo ni mwaliko tu, mjini Kampala yaligeuka kuwa jina la msako wa kutisha. Mwandishi wa haki hana budi kuyakiri hayo bila kigugumizi. Akishakiri, ndipo apatapo idhini ya kuuliza: kosa lilikuwa la lugha, au la mkono ulioshika bunduki? Mporaji angalijua Kiingereza peke yake, je, asingalipora? Hata hivyo hoja hii haimalizwi kwa wino. Humalizwa kila siku na askari amwambiaye raia "tafadhali" na "asante", kwa Kiswahili hichohicho.

Wa pili husema kwamba Kiswahili kitazimeza lugha zetu. Hoja hii ina umri mkubwa: mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa wa Pili aliandika kupinga kisifanywe lugha rasmi ya Buganda. Hakuwa mjinga, alikuwa akilinda urithi wa watu wake. Wengi wetu hujibu haraka kwamba Kiswahili ni ndugu wa lugha za Kibantu. Jibu hilo laweza kumridhisha Mganda na Mnyankole, bali lamwacha nje Mwacholi, Mteso na Mkaramojong. Lililo bora ni hili: Kiingereza kimekalia kiti cha ofisini tangu ukoloni, na bado Kiluganda, Kiacholi na Kiteso vyanguruma redioni na sokoni. Kiswahili hakiombi kiti cha lugha ya mama. Chaomba kiti cha lugha ya kukutania.

Wa tatu husema kwamba walimu hawatoshi. Hiyo ni kweli, na mwandishi asiizungushe kwa maneno. Aikubali, kisha aonyeshe kwamba uchache wa walimu ni sababu ya kuwafunza walimu, wala si sababu ya kuliacha somo.

Tunajua baadhi ya wenzetu watanung'unika: kumtaja mpinzani ni kumkabidhi silaha, na jeshi husema kwa sauti moja. Tunakubali kwamba amri ya mapambano haijadiliwi, wala siri haitangazwi. Lakini makala kwa wananchi si amri. Hoja za wapinzani zimekwisha kusikika majumbani na katika teksi; ukimya wetu hauzifichi, bali watangaza kwamba twaziogopa.

Basi, ndugu msomaji uliye kambini au kituoni, utakapoandika risala au barua kwa mhariri, ieleze hoja ya mpinzani wako hivi kwamba yeye mwenyewe aseme, "Naam, hilo ndilo nilisemalo." Kubali iliyo kweli, jibu isiyo kweli. Na mfano wa ramani tuliouanzia una mpaka wake: adui wa vitani twataka ashindwe, lakini mpinzani wa hoja ni mwananchi. Twataka kesho awe pamoja nasi.